Bata wa Jangwani

"Ukikohoa tumekwisha," alisema Mzee Marcelino, akainua pembe ya gunia ili Inspekta Mektilda Haule apite kwa magoti.

Kijumba kile kilikuwa na nafasi ya watu wawili wasiogombana. Mzee alikuwa amekijenga mwenyewe ukingoni mwa bwawa la Jangwani, kwa fito na magunia ya mchele aliyoyapata sokoni Kariakoo. Upande wa maji aliacha mwanya mmoja tu, chini kabisa, wenye urefu wa mkono na upana wa kiganja. Ili uone kitu ilibidi ulale kifudifudi. Mektilda akalala kifudifudi. Tope likampenya kwenye viwiko. Alikuja kazini.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Alikuwa na muda mpaka jua kuzama kumwona bata mmoja.

Kwa Afande Augustino, mkuu wa upelelezi pale kituoni, jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Jumanne mchana marobota kumi na moja ya vitenge, yaliyokatiwa bima, yaliondoka katika ghala la Ansbert Mushi, jengo la ghorofa tatu lililo mwisho wa Kariakoo, mgongo wake ukitazama bonde. Wafanyakazi wote walikuwa wameruhusiwa kwenda kuzika. Ansbert alisema alifuatana nao, kwamba marobota yalikuwa chini karibu na geti, na kwamba chumba cha juu kilikuwa kimefungwa tangu Jumapili, ufunguo mfukoni mwake. Jumatano asubuhi geti la nyuma lilikutwa wazi. Ukimwondoa Ansbert, ufunguo wa geti hilo alikuwa nao mtu mmoja tu, Mboni, mama lishe aliyeruhusiwa kulaza majiko na masufuria yake uani. Kwa hiyo Mboni alikuwa mahabusu. Mtoto wake wa miezi saba, ambaye bado ananyonya, alibaki Buguruni kwa shangazi mtu. Kesho asubuhi Mboni angepandishwa kizimbani.

Mzee Marcelino hakujua lolote kuhusu marobota. Alifika kituoni Jumatano jioni kulalamika juu ya watu wanaotega nyavu bondeni na kuwauza ndege wa porini kwenye soko la kuku. Kuthibitisha kwamba kuna ndege wa kulindwa, aliweka daftari lake mezani. Ukurasa wa Jumanne ulikuwa na bata aliyechorwa kwa penseli, mwili mzito, mkia umesimama. Nyuma ya bata kulikuwa na mistari iliyonyooka, na kando ya mistari donge jeusi lenye uzi. Pembeni mzee alikuwa ameandika: "Mzizi wa matete, unaelea. Unakwenda kinyume cha upepo." Chini yake alipiga vijiti, vinne vinne na cha tano kukatiza, kama alivyozoea enzi za ukarani wake bandarini.

Mektilda alihesabu vijiti. Vilikuwa kumi na moja. Akaligeuza daftari juu chini, akaona dirisha.

"Afande, hii ni picha ya jengo ndani ya maji," alimwambia Augustino leo asubuhi. "Marobota yalishushwa kwa kamba kutoka dirisha la juu. Hayakupita getini."

Augustino aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaangalia simu yake. "Bata mwenye mdomo wa buluu anaishi kwenye maziwa ya nyanda za juu. Imeandikwa hapa. Dar hayupo. Wauza bata wa Kariakoo hupaka bata wao rangi wasichanganyike. Mzee wako kaona bata wa sokoni kapakwa buluu, au kaota. Na kama kaota bata, kaota na kamba."

"Na nikimwona mimi?"

"Ukimwona wewe ni habari nyingine. Mpaka jioni."

Ndiyo maana sasa tope lilikuwa viwikoni mwake.

"Mzee, Jumanne ulifika saa ngapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Saa nane kasoro."

"Ukaondoka?"

"Saa kumi na mbili kasoro robo."

"Katikati hukutoka hata kujisaidia?"

"Nina chupa."

Mektilda akaandika kwamba ana chupa.

"Hukusikia gari kule ng'ambo? Ili kubeba marobota kumi na moja lazima kulikuwa na kirikuu ya mizigo, tena mbili."

"Mwanangu, miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo, chini ya winchi. Gari siku hizi halinifikii kabisa. Ndege ndio nawasikia."

"Na jengo hukulitazama."

"Tazama hapo mbele yako. Unaliona jengo?"

Mektilda akatazama. Mwanya ulimpa maji, maji, na maji, na mwisho wake ukuta wa matete ya ng'ambo. Kuliona jengo lenyewe ilibidi uinue gunia na kusimama, na hapo ndege wote wa bonde wangeruka. Kwa hiyo mtu aliyelala pale Jumanne angeweza kukaa saa nne mbele ya wizi na asione chochote ila kile ambacho maji yangependa kumwonyesha. Hilo nalo akaliandika.

Simu ilitetemeka. Alikuwa Sajenti Anuari, aliyemweka ng'ambo, nyuma ya ghala. Mektilda alikuwa na kidude cha simu sikioni.

"Afande, niko getini. Nina kanga nyekundu ya wifi yako na kamba mita kumi na tano. Kanga ikirudi na tope sina pa kulala."

"Subiri nikuambie. Ansbert yupo?"

"Yupo, kakaa kwenye kiti. Kaniletea soda. Ananiuliza tunatafuta nini, nimemwambia tunataka kujua kama mtu wa ghorofani anaweza kuliona geti. Kafurahi. Anasema funguo ziko tayari."

"Vizuri. Kunywa soda yake, ukimaliza chupa umrudishie."

Kisha hakukuwa na la kufanya ila kusubiri.

Jua lilikuwa mgongoni mwao, limeegemea upande wa Magomeni, na mwanga wake ulipita juu ya kijumba na kuanguka ng'ambo. Kariakoo ilikuwa pale pale, hatua mia mbili, na vipaza sauti vyake vyote na mikokoteni yake yote, lakini ilipofika bondeni sauti ile ilikuwa imelegea, kama redio ya chumba cha jirani mtu akiwa na homa. Mtu fulani alikuwa akitangaza bei ya mashuka. Alitangaza bila kuchoka, na kila alipotangaza ilionekana anazidi kuwa mbali. Yangeyange watatu walisimama kwenye maji ya magotini, weupe, hawaendi popote. Ndege mdogo wa rangi ya kahawia alitembea juu ya majani yanayoelea, akiinua vidole vyake virefu kimoja kimoja.

Mektilda hakuwa amelala chini mchana tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Kope zilimshuka. Alizifungua kwa nguvu.

"Usipigane na usingizi," mzee alinong'ona. "Wewe tazama maji tu. Usimtafute. Ukimtafuta haji."

"Mimi kazi yangu ni kutafuta."

"Ndiyo maana wanakukimbia."

Upepo wa baharini ulikuwa ukifika kwa vipande. Ulipofika, bwawa lilikunjamana na kuwa na rangi ya bati. Ulipopungua, maji yalijinyoosha polepole, na ndani yake vikajitengeneza vitu: ncha za matete zikielekea chini, wingu, na kisha, karibu sana nao, ukingo wa paa. Mektilda akajivuta mbele. Paa lilikuwa upande wao. Chini ya paa, yaani mbali zaidi kuelekea ng'ambo, dirisha moja, nondo zake zikionekana moja moja. Mbele zaidi dirisha la ghorofa ya kati, na baada ya hapo matete yakafunika kila kitu. Kisha upepo ukarudi, na jengo likavunjika.

Saa tisa na dakika kumi bata alitokea.

Alitoka kwenye matete ya kushoto, mweupe, mnene, akipiga kelele. Bawa lake moja lilikuwa na rangi ya buluu.

Mektilda akamtazama mzee.

"Wa sokoni huyo," alisema Marcelino. "Katoroka. Kamba bado iko mguuni."

"Afande Augustino alisema hivyo hivyo. Rangi ya buluu."

"Bawani. Mimi nimechora mdomo."

"Mzee, ukiwa mbali, jua likikupiga, bawa na mdomo..."

"Mwanangu, mfuate." Alimpa darubini. "Mfuate mpaka uchoke, halafu uniambie anazama au hazami."

Mektilda akamfuata. Bata mweupe alizunguka bwawa kwa fujo, akachovya kichwa, akainua makalio, akajitikisa. Alikula majani. Hakuzama hata mara moja.

"Hazami."

"Wa sokoni hazami. Anachovya kichwa tu, makalio yanabaki nje. Wangu anazama mzima mzima. Unahesabu mpaka ishirini, anakuja kutokea pengine. Nimeandika?"

Alikuwa ameandika. Ukurasa wa Jumanne: "Anazama, hesabu 22. Anazama, hesabu 19." Augustino hakuwa amesoma mpaka hapo, wala Mektilda.

"Umemwona mara ngapi?"

"Siku tano, wiki hii na iliyopita. Nilituma kwenye kundi letu la watazama ndege. Wamenicheka. Sheria yao ni kwamba ndege adimu hahesabiki mpaka awe na shahidi wa pili. Mke wangu alifariki, macho ya jirani yangu yana mtoto wa jicho. Shahidi wa pili nimtoe wapi?" Alifungua daftari na kumwonyesha. Mwishoni mwa kila mstari kulikuwa na nafasi ya jina. Mbele ya bata nafasi tano zilikuwa tupu. "Kumbe na ninyi polisi mna sheria hiyo."

"Yetu ni ya Afande Augustino."

"Basi angefaa kwenye kundi letu."

Saa tisa na nusu upepo ulikufa. Haukupungua, ulikufa, na matete yakasimama kama yamechorwa. Bata mweupe akaenda zake. Yule mtu wa mashuka akanyamaza, labda alikuwa anakula. Jengo lote likalala ndani ya bwawa, paa lake likiwa karibu kuwagusa, manjano kwa jua, na halikutikisika hata kidogo. Mektilda alipoliangalia kwa muda alihisi kwamba ndilo lililo chini, na kwamba wao wawili wamening'inia.

Hakuona bata akitokea. Palikuwa na maji, kisha palikuwa na bata. Alikuwa amekaa katikati ya ukuta wa ghala, chini chini majini, mwili wa rangi ya udongo wa tofali, kichwa cheusi kama kilichochovywa kwenye wino. Mdomo ulikuwa buluu. Haikuwa buluu ya rangi ya kopo. Ilikuwa ya mwanga wa gesi jikoni. Mkia ulisimama nyuma yake wima.

Mzee aliacha kupumua.

Bata akazama, mzima mzima. Mduara mmoja ukatanuka pale alipokuwa, ukagusa dirisha la juu, ukalikunja, ukaliachia. Mektilda akahesabu. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Akatokea kando ya dirisha.

"Anuari," alinong'ona kwenye simu. "Getini. Tundika kanga."

"Afande sikusikii."

"Tundika kanga getini."

"Mbona unaongea kama unakufa?"

"Kuna bata hapa. Tundika."

Wakasubiri. Ndani ya maji hakikuonekana kitu chochote chekundu. Geti na uani vilikuwa nyuma ya matete. Chochote kilichopita getini Jumanne, mzee asingekiona hata kama angetaka.

"Sasa panda juu na Ansbert. Afungue chumba, afungue dirisha la nyuma. Usimwambie kitu. Simu iache wazi."

Sikioni mwake ngazi zililia, Anuari akahema, na sauti ya Ansbert, nene, ya mtu aliye dukani mwake, ikasema, "Angalia kichwa hapo, Sajenti. Samahani kwa vumbi, hakuna aliyeingia huku tangu Jumapili." Ufunguo ukageuka. Bata akazama, akatokea. Nondo za dirishani zilikuwa na bawaba na kufuli, na kufuli nalo likafunguka bila kukwama. Mektilda aliliona hilo majini kabla Anuari hajamwambia: nondo zilihama upande mmoja, zote kwa pamoja, kama ukurasa unavyofunuliwa.

"Afande," Anuari alisema, na sasa yeye pia alikuwa ananong'ona. "Kwenye kizingiti cha dirisha kuna mfereji. Mbao imeliwa na kamba. Ni mpya, ndani bado nyeupe. Kuna nyuzi za kijani za nailoni zimenasa."

"Piga picha kwanza. Halafu funga kanga kwenye kamba, ishushe polepole."

Ndani ya bwawa, karibu na mdomo wa buluu, kikatokea kitu chekundu. Kikashuka. Lakini majini kushuka kwake kulikuwa kwenda mbali: kiliondoka kwao taratibu, kikavuka dirisha la kati, kikielekea ng'ambo, upande ule ule ambao upepo ungekuwa unatokea kama ungevuma. Kilikuwa na uzi mwembamba nyuma yake. Kikaingia kwenye matete na kupotea.

Mzee Marcelino aliondoa jicho kwenye mwanya. Bata akazama, akatokea.

"Marobota," alisema. "Miaka thelathini na moja nimehesabu marobota yakishuka. Nimelala hapa na penseli, yameshuka mbele yangu kumi na moja, nimeandika mizizi."

"Uliyahesabu sawa, mzee."

"Niliandika mizizi."

"Hesabu ndiyo ninayoitaka mimi."

Simuni, Ansbert akasema, kwa mbali, "Hiyo kamba mnashusha kwa nini? Sajenti, si umesema mnaangalia geti?"

"Anuari, mwulize kitu kimoja. Ufunguo wa chumba hiki anao nani mwingine?"

Anuari akauliza. Ansbert akajibu haraka, jinsi alivyojibu mara mbili kwenye maelezo yake ya maandishi: "Hakuna. Mimi tu. Haujawahi kutoka mfukoni mwangu." Kisha funguo zikaanguka sakafuni.

"Mwambie ni Inspekta Haule anayesema," alinong'ona Mektilda. "Mwambie yuko chini ya ulinzi."

"Nimwambie kwa kunong'ona?"

"Mwambie vyovyote."

Ansbert hakunong'ona. Aliinama dirishani na kupiga kelele juu ya bonde zima kwamba wanamwonea, kwamba ghala ni lake na vitenge ni vyake na mtu hawezi kujiibia mali yake mwenyewe, watu wa bima ndio wangeuliza, siyo polisi. Yangeyange waliruka wa kwanza. Kisha bata. Hakuinuka kama ndege wengine. Alikimbia juu ya maji, mzito, akipiga mabawa, akilipasua jengo kutoka paa mpaka matete, na alipokaribia kugonga ng'ambo ndipo akanyanyuka. Akageuka, akapita juu ya kijumba chao. Walisikia mabawa, kisha hawakusikia kitu.

Mzee alitoka nje kwa magoti, akasimama, akatazama upande wa Magomeni mpaka shingo ikachoka.

"Atarudi?" aliuliza Mektilda, akijipangusa tope.

"Sijui. Kama atarudi, kesi yenu itakuwa imeandika mahali alipo. Wale wa nyavu wanajua kusoma."

"Lazima niandike mahali, mzee. Bila mahali picha yako si ushahidi, na bila picha Mboni analala ndani."

"Huyo mama ana mtoto mdogo?"

"Miezi saba."

Marcelino alifungua daftari kwenye ukurasa mpya. Aliandika tarehe, saa, hali ya upepo, "anazama, hesabu 21," na jina kamili la mahali, kwa mwandiko wa karani, herufi moja moja. Kisha akampa penseli. Mektilda akaweka jina lake na namba yake ya kazi kwenye nafasi ya mwisho wa mstari.

"Sasa kimbia," mzee alisema. "Mimi nitakuja na bajaji. Magoti haya siyo ya kukimbizana."

Augustino alisikiliza akiwa amesimama. Alitazama picha za kizingiti cha dirisha, akatazama tope kifuani mwa Mektilda.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Siyo wa sokoni?"

"Wa sokoni nilimwona pia. Yule hazami."

"Yuko wapi sasa?"

"Kaondoka. Shahidi wa pili ni mimi, jina langu liko hapo."

Augustino alilisoma jina kama vile hakuwa akilifahamu. Kisha akaita zamu ya kaunta wamtoe Mboni, na faili la Ansbert Mushi liletwe mezani kwake.

Mboni alitoka akiwa amekunja mikono kifuani, kanga imelowa upande wa mbele, na harufu ya maziwa yaliyochacha. Mektilda alianza kumweleza: dirisha, kamba, mzee mmoja aliyekuwa akitazama ndege. Mboni alimtazama kama mtu anayesimuliwa ndoto ya mtu mwingine.

"Dada," alimkatiza. "Saa ngapi?"

"Kumi na moja na robo."

"Bado hajalala," alisema Mboni, akachukua ndala zake kaunta na kutoka nje amezishika mkononi.